Kampuni Changa Iliyozeeka Mezani

Nchi yenyewe sitaitaja, maana kuitaja kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji picha nne za pasipoti ambazo kwa sasa sina. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, hewa safi na wizara nyingi. Mwaka ninaousimulia, Mlezi Mkuu wa Taifa alirudi kutoka ziara ya nje akiwa na mabegi mapya na neno jipya. Neno lenyewe lilikuwa "kampuni changa." Kabla hata mabegi hayajafunguliwa, akalihutubia taifa. Alisema amefanya utafiti ndani ya ndege na kugundua kuwa nchi ni maskini kwa sababu kampuni zake zote zimezeeka. Papo hapo akatangaza Muongo wa Kampuni Changa na kuunda Wizara ya Kampuni Changa na Ndoto za Wananchi. Wizara ikajengewa jengo la ghorofa kumi na moja, ili wananchi wenye ndoto wasipate taabu ya kutafuta pa kupangia foleni.

Sikujua Mbonde aliisikia hotuba hiyo redioni akiwa amelala chali chini ya mashine ya barafu. Alikuwa fundi majokofu katika kiwanda cha barafu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mikono imejaa makovu ya bati, na sikio lake liliweza kutambua kompresa inayougua kwa kuisikia tu ikinguruma. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza kitu uani kwake kila Jumapili: tangi la maziwa linalopozwa kwa sola, lenye barafu ya kutosha kuvusha usiku.

Alilitengeneza kwa ajili ya bonde la Isinde, alikozaliwa mama yake. Wanawake wa huko hukamua asubuhi na jioni, lakini gari la maziwa huja asubuhi tu. Maziwa ya jioni yalichachuka kabla hakujakucha, wakayamwaga. Tangi la kwanza alimpelekea Mama Njile, mwenye ng'ombe tisa na mdomo usiomwogopa mtu. Asubuhi dereva wa gari la maziwa alitumbukiza kipimo chake, akakisoma, akakifuta kwenye shati, akakisoma tena, kisha akachukua maziwa yote.

Jioni ya siku hiyo Sikujua alimwambia mumewe, "Baba Atu, nataka kuacha kazi."

Lusekelo alikuwa mwalimu wa jiografia shule ya msingi. Alikuwa akisahihisha madaftari. "Uache kazi ufanye nini?"

"Kazi."

Lusekelo akaweka kalamu chini. Alimjua mkewe, na alijua kuwa mtu anayeshinda uani kila Jumapili kwa miaka miwili hatanii. Wakauza kiwanja walichokuwa wamenunua ili wajenge. Sikujua akamchukua Matrida, rafiki yake tangu chuo cha ufundi, aliyejua vitabu vya hesabu na kujua zaidi namna ya kuzungumza na watu wenye tai. Wakaipa kampuni jina la Baridi Yetu, wakatengeneza matangi mengine saba. Kilichobaki kilikuwa kusajiliwa.

*

Usajili ulikuwa ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa imezinduliwa lakini haijaanza kufanya kazi. Mezani alikaa Bwana Ponera, Afisa Mpima Uchanga Daraja la Pili, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi na mihuri sita.

"Jina?"

"Sikujua."

"Hukujua nini, dada? Jina lako tu."

"Ndilo jina langu, bosi. Sikujua."

Bwana Ponera akaliandika, akaliangalia kwa huruma, akafungua kitabu cha sheria. Akaeleza kwamba kampuni changa ni kampuni yenye umri usiozidi mwaka mmoja tangu siku ya kuomba. Baridi Yetu ilikuwa na siku mbili. Akasema hajawahi kuona uchanga wa namna hiyo tangu aajiriwe, akawapa barua ya muda, akaliweka faili lao juu ya mafaili mengine.

Kila mwezi Sikujua alipanda ghorofa saba kuuliza. Mara faili lilikuwa kwa mkurugenzi. Mara mkurugenzi alikuwa kwenye semina ya kuharakisha mafaili. Mara faili lilirudishwa kwa sababu wino ulikuwa wa bluu, likaandikwa upya, likarudishwa kwa sababu waraka mpya ulitaka bluu. Mwezi wa kumi na nne Bwana Ponera alimpokea amesimama, kama mtu anayetoa pole.

"Dada Sikujua, faili limerudi. Kila kitu kiko sawa."

"Alhamdulillah."

"Ila sasa kampuni yako ina mwaka na miezi miwili. Sheria haiitambui. Imezeeka."

Sikujua aliuliza imezeekea wapi.

"Hapa," alisema Bwana Ponera, akigusa meza kwa heshima. Akamshauri aombe mahakamani kupunguziwa umri wa kampuni, jambo ambalo, kwa uzoefu wake, huchukua miaka mitatu.

*

Wakati huohuo walikuwa wakihangaika na Mfuko wa Mtaji wa Ndoto, uliokuwa ghorofa ya tisa. Matangi manane yalihitaji betri mpya, na betri hazisubiri mihuri. Huko walipokewa na mama mmoja mpole aliyewakaribisha chai ya tangawizi.

"Mkopo wenu umepita, wanangu. Mtaanza kurejesha mwisho wa mwezi huu."

"Na fedha tunazipata lini?" Matrida akauliza.

"Baada ya marejesho sita. Tumeumizwa sana huko nyuma. Watu walichukua fedha wakatokomea. Ndiyo tukageuza utaratibu, mtu anarejesha kwanza. Tangu tuugeuze hatujapata mdaiwa sugu hata mmoja."

Matrida alicheka hadi akapaliwa na chai. Yule mama hakucheka. Wakatazamana, wakapiga hesabu ya betri, wakakubali, kwa sababu benki za kawaida zilitaka hati ya kiwanja, na kiwanja walikuwa wamekiuza. Kwa miezi sita walirejesha mkopo ambao hawajauona. Ada kidogo ya kupozea maziwa waliyolipwa na wanawake wa Isinde ilikwenda huko, na mshahara wa Lusekelo ukaifuata.

Mwezi wa saba waliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti aliwapa mkono wote wawili. Alisema kamati imevutiwa mno na nidhamu yao, na kwamba watu wanaoweza kulipa miezi sita mfululizo bila mkopo ni dhahiri hawahitaji mkopo.

"Basi turudishiwe fedha zetu," alisema Sikujua.

"Zile ni marejesho, dada. Marejesho hayarejeshwi."

Badala yake walipewa cheti cha Mkopaji Bora na kupigwa picha. Picha ikatoka gazetini, na hapo ndipo taabu ya nyumbani ilipoanza. Kaka yake Lusekelo alifunga safari ya siku mbili kuja kuomba mtaji wa pikipiki. Alipoelezwa kuwa ule mkopo ni wa kurejesha tu, si wa kupokea, alisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu, akaondoka bila kula. Wiki iliyofuata ukoo mzima ulijua kuwa mke wa Lusekelo amekalia fedha. Kwenye msiba wa shangazi, jina la Lusekelo lilisomwa kwa sauti mara tatu kwenye orodha ya michango, na mara zote tatu alikuwa amekaa palepale, anaangalia vidole vya miguu yake.

*

Kodi ya nyumba iliwashinda. Wakahamia chumba cha nyuma ya karakana, wao wawili na binti yao Atupele wa miaka minane, aliyejifunza kusoma maandishi kwenye mitungi ya gesi. Lusekelo alivumilia. Uvumilivu wake ndio uliomtesa Sikujua kuliko kelele.

"Sema tu umekasirika," alimwambia siku moja mchana, wakiwa wamekaa juu ya kreti.

"Sijakasirika, Mama Atu."

"Mwezi wa tatu huu hujaniuliza chochote kuhusu kampuni."

"Naogopa kuuliza. Nikiuliza utanijibu vizuri, utanichorea na mchoro, nitakuelewa, halafu nitauza kitu kingine. Na kitu kingine kilichobaki ni hiki kiatu." Akanyoosha mguu. Kiatu kilikuwa na shimo. Wakacheka wote wawili, lakini Sikujua ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Juma hilohilo Matrida alikuja amevaa gauni ambalo Sikujua hakulijua. Hakukaa.

"Siku, wizara wamenipa kazi. Mshauri wa Masuala ya Kampuni Changa. Wanasema wanataka mtu mwenye uzoefu wa matatizo."

"Uzoefu wa matatizo waliyoyaleta wao?"

"Mama yangu anahitaji dawa kila mwezi, shoga. Miaka miwili nimejilipa mishahara minne. Minne tu. Nimehesabu."

Sikujua alitaka kumwambia maneno makali, na alikuwa nayo mengi, lakini kila alilolishika lilikuwa limekwisha kujibiwa na ile dawa. Akamuuliza tu daftari la wateja liko wapi. Matrida akamwonyesha, akasimama mlangoni kidogo, akaenda.

*

Muongo ukaingia mwaka wa tatu, na Mlezi Mkuu akaagiza aonyeshwe kampuni changa moja inayofanya kazi, aizindue. Wizara ikahangaika. Kampuni zilizosajiliwa zilikuwa tatu, na zote zilikuwa zimefilisika katika kusajiliwa. Kampuni pekee iliyokuwa ikifanya kazi ni ile isiyotambuliwa na sheria. Bwana Ponera akatumwa na gari la serikali hadi Isinde, alikomkuta Sikujua akikagua matangi.

"Ukizinduliwa na Mlezi Mkuu mwenyewe," alimwambia Sikujua, "nani atauliza tena umri?"

Na Sikujua, pamoja na yote aliyokwisha kuyaona, aliamini. Nasema hivyo bila kumcheka. Mtu aliyeuza kiwanja hana budi kuamini kitu.

Wizara iliamuru matangi yote manane yatolewe vijijini, yapangwe mstari katika uwanja wa Isinde, na yajazwe maziwa, kwa kuwa Mlezi Mkuu hatazami vitu vitupu. Sikujua alipinga. Alieleza kuwa tangi likihamishwa linahitaji siku nzima ya jua kujenga barafu yake upya. Waliandika hoja yake. Mama Njile naye hakuipenda habari hiyo.

"Maziwa ya jioni na ya asubuhi, yote kwa pamoja?" aliuliza. "Fundi, mimi serikali siijui. Ninakujua wewe. Nikileta, naleta kwa sababu yako."

"Lete, mama."

Wanawake arobaini na mmoja wakaleta.

Saa moja asubuhi walifika watu wa usalama. Waliyazunguka matangi, wakatazama paneli za sola juu ya vichanja, wakaona zinameremeta. Wakasema mng'ao huo unaweza kummulika Mlezi Mkuu machoni. Wakazifunika kwa turubai refu lenye rangi za taifa. Mgeni alitarajiwa saa mbili. Saa nne hakuwa amefika. Saa sita jua lilikuwa utosini, jua zuri ambalo lingepoza maziwa ya wilaya nzima, na lilikuwa likipasha turubai.

Mlezi Mkuu aliwasili saa saba na nusu. Alipigiwa ngoma, akala, akapanda jukwaani, akafungua hotuba yenye kurasa ambazo Sikujua alijaribu kuzihesabu akashindwa.

"Maziwa," alisema Mlezi Mkuu, "ni meupe. Kwa nini ni meupe? Kwa sababu hayana siri! Na kampuni changa nazo lazima ziwe nyeupe!"

Watu walipiga makofi. Mama Njile, aliyekuwa amekaa chini kando ya tangi la kwanza, aliweka kiganja kwenye chuma. Akakiondoa. Akamtazama Sikujua na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Limepata joto."

Sikujua alimwendea Bwana Ponera akiwa ameinama, kama mtu anayepita mbele ya msikiti. "Bosi, turubai litolewe. Nusu saa tu. Maziwa yanakatika."

"Turubai ni sehemu ya itifaki, dada."

"Maziwa ni ya watu!"

"Na hotuba pia ni ya watu," alinong'ona Ponera, jasho likimtiririka. "Yakikatika si watatengeneza mtindi?"

Baadaye Sikujua alisema hakumbuki kuamua. Anakumbuka alikanyaga ngazi ya kichanja, ile ngazi aliyoichomelea mwenyewe, na kwamba alipofika juu uwanja mzima ulikuwa ukimtazama na hotuba ilikuwa imenyamaza katikati ya neno "maendeleo." Alishika ncha ya turubai akavuta. Likateleza lote, paneli nane, na mwanga ukaruka moja kwa moja jukwaani. Mlezi Mkuu akafunika uso. Watu wawili wenye miwani myeusi wakaanza kukimbia kuelekea kichanjani.

Hapo kule jukwaani mtu mmoja akasimama na kuanza kupiga makofi kwa nguvu. Alikuwa Matrida, na kitambulisho chake cha wizara kikining'inia shingoni. "Imezinduliwa!" alipaza sauti. "Imezinduliwa!" Waliokaa karibu naye walidhani ndivyo ratiba inavyosema, wakasimama. Mawaziri wakasimama. Bendi ikapiga. Mlezi Mkuu, aliyekuwa bado haoni vizuri, akaona heri atabasamu. Wale wawili wakasita, wakarudi mahali pao. Sikujua, akiwa juu ya ngazi, alikutana macho na Matrida kitambo kidogo, kisha akashuka kukagua matangi.

Matatu yalipona. Matano yalikuwa yamekatika.

Msafara ulipoondoka, wanawake walimwaga maziwa palepale uwanjani, ndoo baada ya ndoo. Hakuna aliyepiga kelele. Sikujua alisimama mbele yao akasema atalipa kila lita. Mama Njile akafunga khanga vizuri kiunoni.

"Utalipa na nini?" aliuliza, na hakuwa akimkebehi. Alitaka kujua.

*

Baada ya wiki mbili barua ilifika. Sikujua alishtakiwa kwa Kuzindua Mradi wa Taifa Bila Mamlaka ya Kuzindua. Adhabu ilikuwa kufutiwa usajili. Akapanda ghorofa saba, na safari hii Lusekelo alipanda naye.

Bwana Ponera alikuwa na sura ya mtu asiyelala. "Kuna tatizo," alisema. "Nimeagizwa nifute usajili wako. Lakini sheria haikubali kufuta usajili usiokuwepo. Nikiuacha bila kuufuta, nitakuwa nimekaidi agizo."

"Sasa?" aliuliza Lusekelo.

"Sasa itabidi nimsajili."

Akatoa faili. Akapiga muhuri wa kwanza, wa pili, hadi wa sita. Mkurugenzi akatia saini amesimama. Hati ya usajili iliyosubiriwa miezi ishirini na sita ilitoka kwa dakika kumi na moja, ikiwa na nembo ya dhahabu. Kisha Ponera akaweka karatasi nyingine juu yake: ilani ya kuufuta usajili huo, itakayoanza kazi baada ya siku ishirini na moja kama sheria inavyotaka.

Sikujua alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya sita akalia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, akiipiga ile hati gotini. Miaka yake, kiwanja, kiatu cha Lusekelo, maziwa yale uwanjani, na kumbe kazi yote ilikuwa ya dakika kumi na moja! Lusekelo alikaa karibu naye, akamwacha amalize.

"Amesema siku ngapi?" akauliza hatimaye.

"Ishirini na moja."

"Kwa hiyo leo wewe ni kampuni halali."

Sikujua akajifuta uso kwa kiganja. Akaisoma hati tena, safari hii maandishi madogo. Kampuni halali inaruhusiwa kuuza mali yake kwa risiti. Na mtu akinunua tangi la kupozea maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, nyumbani kwake, huyo si kampuni, changa wala nzee. Ni mtu mwenye chombo chake.

Kesho yake alikuwa Isinde. Majadiliano yalichukua siku tisa, kwa sababu Mama Njile hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Waliafikiana hivi: wanawake watachukua matangi yote manane, watano watano kwa tangi, na lile la Mama Njile litakuwa la watu sita. Maziwa yaliyomwagwa yatahesabiwa kuwa sehemu ya malipo, na kilichobaki watakilipa kidogokidogo kila mwezi. Kilichobaki hakikufika hata nusu ya kiwanja. Sikujua aliandika risiti nane, akawafundisha kubadilisha betri na kusafisha paneli. Siku ya ishirini Baridi Yetu ilikuwa na bisibisi, spana na daftari la wateja.

Siku ya ishirini na moja aliirudisha hati. Wiki hiyo alikuwa ameanza tena kazi katika kiwanda cha barafu, kwa mshahara mdogo kuliko ule aliouacha, maana nafasi yake ya zamani ilikuwa imekwisha kupata mtu. Bwana Ponera aliipokea hati, akapiga muhuri, akatazama huku na huku. Ofisi ilikuwa tupu, wenzake wakiwa kwenye semina.

"Dada Sikujua," alisema, sauti imeshuka. "Dada yangu anafuga. Ana ng'ombe sita, kule kwetu. Maziwa ya jioni yote wanamwaga. Tangi moja linaweza kuwa shilingi ngapi?"

Sikujua alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu huyu, na safari hii hapakuwa na dawa ya mama wa mtu ya kuyajibu. Lakini akajikuta anauliza ng'ombe wanatoa lita ngapi kwa siku, na jua la kule likoje, na kama kuna mti unaoweza kutia kivuli. Ponera alijibu yote kwa haraka, kama mwanafunzi. Sikujua akamtajia bei na kusema anataka fedha zote mbele.

Ponera alitoa pochi, akahesabu robo, akasita. "Nyingine naomba unisubiri mwisho wa mwezi."

"Njoo kesho," alisema Sikujua, akashuka ngazi.

Lusekelo alikuwa akimsubiri chini na Atupele. Walipokuwa wakivuka barabara alimsimulia. Lusekelo alisimama katikati ya kivuko, magari yakapiga honi.

"Na akija kesho na fedha zote, utamtengenezea kweli? Yule?"

"Nitamtengenezea," alisema Sikujua, akimvuta mkono wavuke. "Ng'ombe wa dada yake wamemkosea nani?"